Dari la Kupunguza Joto: Chagua Kile Ambacho Mikono Yako Itakiweza



Mwezi huu tunajibu barua ya msomaji wetu wa Mkula, kijiji kilichoko chini ya Milima ya Udzungwa, kwenye njia ya kwenda Ifakara. Tumeichagua kwa sababu swali lake ni la wengi wanaoishi chini ya bati. Anaandika hivi:

"Dada mpendwa, pokea salamu zangu. Baada ya mavuno tulijitahidi tukaondoa nyasi na kuezeka bati. Tulifurahi sana, maana mvua haituingilii tena. Lakini sasa mchana chumba ni kama tanuri, na hata saa tatu usiku joto bado limo. Mtoto wangu wa miezi mitano amejaa vipele vya joto. Baba yake akija anasema chandarua kinamzibia hewa, anakikunja. Yeye anafanya kazi kiwanda cha sukari kule Kidatu, huja mwisho wa juma. Anataka tujaze pumba za mpunga juu ya dari kwa kuwa mashineni zipo tele. Jirani naye anatuuzia pamba ya njano iliyobaki kwenye jengo fulani. Mimi nina pumu, na kazi ya kupanda juu itakuwa yangu na shemeji yangu aliye kidato cha pili. Je, tuweke nini?"

Asante, mama. Umeuliza vizuri kuliko wengi, kwa sababu umetaja jambo ambalo wanaonunua vifaa vya ujenzi hulisahau: nani atakayevishika. Kitu kinaweza kuzuia joto vizuri sana, lakini kama kitakuwasha ngozi, kitakubana kifua au kitamwangukia mtoto usiku, hakikufai wewe. Tuanze na joto lenyewe.

JOTO LATOKA WAPI?

Paa la nyasi lilikuwa nene, na ndani ya nyasi mlikuwa na hewa nyingi iliyotulia. Hewa iliyotulia hupitisha joto polepole. Ndiyo maana nyumba ya nyasi, pamoja na kuvuja kwake, panya wake na hatari yake ya moto, ilikuwa na ubaridi mchana. Bati ni jembamba. Jua la saa saba likilipiga, huwa la moto kiasi cha kutoshikika kwa mkono, kisha hulirusha joto hilo chini.

Simama karibu na jiko la mkaa. Miguu yako husikia moto ingawa hujaligusa jiko wala hakuna upepo unaovuma kutoka kwake. Bati hufanya vivyo hivyo kwa kichwa chako, kwa kitanda na kwa kuta. Kuta za tofali za kuchoma hulinywa joto hilo mchana kutwa na kulitoa usiku, wakati bati lenyewe limeshapoa. Hiyo ndiyo sababu ya joto lako la saa tatu usiku.

Basi zipo kazi tatu za kufanya. Kwanza, kuweka kitu cha kukinga ili bati "lisikuone". Pili, kuacha hewa ipite kati ya kinga hiyo na bati ili joto litoke nje. Tatu, kama uwezo upo, kuongeza kitu chenye hewa iliyotulia ndani yake. Ukizifanya mbili za kwanza vizuri, utakuwa umepata nafuu kubwa kabla hujafika kwenye ya tatu.

TUVIANGALIE VITU VYENYEWE

Pumba za mpunga. Baba watoto hakukosea kuzifikiria. Pumba kavu huzuia joto vizuri, hazipishani sana na vifaa vinavyouzwa madukani, na katika Bonde la Kilombero kila mashine ya kukoboa ina kilima chake. Lakini tupige hesabu. Mita moja ya ujazo ya pumba zisizoshindiliwa ina uzito wa kilo 100 hivi. Chumba cha mita 3 kwa 3, ukiweka unene wa sentimita 10, kitahitaji karibu kilo 90. Hivyo ni kama viroba 15 vya mchele vilivyojaa pumba, vyote juu ya kichwa cha mtoto. Je, mbao za dari lako zitahimili?

Halafu kuna vumbi. Ganda la mpunga lina silika nyingi, ile ile iliyomo kwenye mchanga, na ncha zake ni kali. Kila aliyepepeta mpunga anajua jinsi shingo inavyowasha. Kwa mwenye pumu, kumwaga pumba katika nafasi finyu isiyo na upepo ni kujitafutia shambulio. Zaidi ya hayo, pumba huwa na punje zilizobaki, na panya hawahitaji mwaliko. Asiye na tatizo la kifua akitaka kuzitumia, azipepete kwanza nje akiwa amesimama upande unakotoka upepo, azianike zikauke kabisa, azijaze kwenye viroba akiwa chini na kushona midomo. Asizimwage wazi darini kamwe.

Maranda ya mbao. Haya hushika moto upesi. Isitoshe, bonde letu lina mashamba makubwa ya misaji, na vumbi la msaji huwawasha watu wengine ngozi hadi kutoka mabaka. Tunashauri yabaki nje.

Sufi. Ni nyepesi, laini, haichomi mkono, na bibi zetu waliijazia mito na magodoro. Lakini nyuzi zake hupeperuka na kuingia puani, nayo hushika moto kufumba na kufumbua. Mahali pake ni kwenye mto uliofumwa vizuri. Juu ya nyaya za umeme si mahali pake.

Pamba ya kioo. Nadhani hii ndiyo pamba ya njano ya jirani. Hutengenezwa kwa kioo kilichoyeyushwa na kuvutwa kuwa nyuzi nyembamba. Huzuia joto sana na ni nyepesi, na kioo chenyewe hakiwaki. Ubaya wake ni kwamba nyuzi hizo hukatika na kuchoma ngozi, macho na koo. Wapo wanaoogopa kwamba huleta saratani. Mwaka 2001, Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, uliipitia upya na kuiondoa pamba ya kioo ya majengo katika orodha ya vitu vinavyoshukiwa. Kwa hiyo usiwe na hofu kupita kiasi. Hata hivyo, kuwasha kwake ni kwa kweli. Anayeishika avae mikono mirefu, glavu, miwani na kinga ya pua na mdomo. Ikimgusa, asijikune, ajimwagie maji mengi kwanza, kisha aoge kwa sabuni. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, mbali na nepi za mtoto. Na mabaki yaliyokwisha chanika, yaliyolowa au kukaliwa na panya ni mabaya kuliko mapya, hata yakiwa ya bei ya kutupa.

Stairofomu, ile myeupe inayofungiwa televisheni. Haiwashi na ni nyepesi kama hewa. Lakini ikishika moto huyeyuka na kudondoka ikiwaka, na moshi wake ni sumu. Kama si aina iliyotengenezwa mahsusi kwa majengo, iache.

Karatasi ya alumini. Siku hizi maduka ya vifaa vya ujenzi mijini huuza karatasi inayong'aa yenye vipovu vya hewa katikati, ikiwa imeviringishwa kama mkeka. Uso wa alumini unaong'aa hupokea joto kidogo la bati na kutoa kidogo zaidi kwenda chini. Kwa chumba cha mita 3 kwa 3 uzito wake ni kilo chache tu. Hukatwa kwa mkasi wa nyumbani, haitoi vumbi wala haiwashi. Ina masharti mawili. Lazima pawe na nafasi ya hewa mbele ya upande unaong'aa. Ukiigandamiza kwenye bati haitasaidia sana. Na kwa kuwa alumini hupitisha umeme, isiguse waya wowote.

Mikeka. Msishangae! Mkeka wa ukindu uliosukwa kwa kubana, ukitandazwa chini ya kenchi, humkinga mtu na bati moja kwa moja. Haumwashi mtu, hushikwa na mama au binti bila glavu, hushushwa na kukung'utwa, na kinachochakaa hubadilishwa kipande kimoja bila kumwita fundi. Mikeka miwili yenye nafasi ya kiganja kati yake ni bora kuliko mmoja. Upungufu wake ni moto, mchwa na panya. Usiuweke juu ya jiko, na uukague kila baada ya masika.

Silingi bodi na jipsamu. Hupendeza, na hufunga chumba vizuri. Lakini bodi za jipsamu ni nzito, huhitaji watu wawili au watatu wenye nguvu, na zikilowa kwa bati linalovuja huvimba na kuanguka. Hiyo ni kazi ya fundi.

Hatimaye, asbesto. Nyumba nyingine za zamani bado zina vigae au mbao za kijivu za asbesto. Aina zote za asbesto huleta saratani, na madhara hujitokeza baada ya miaka mingi. Usiivunje, usiipige msumeno, usiifagie ikiwa kavu, wala usikubali kupewa mabaki yake uzibe dari. Ikiwa nzima, iacheni ilivyo hadi wanaoijua kazi hiyo waje.

MAJARIBIO MATANO KABLA YA KUFUNGUA POCHI

1. Uliza jina. Muuzaji asipoweza kukueleza kitu hicho ni nini, usinunue, hata kama ni cha bure.

2. Kitikise juani juu ya kanga nyeusi. Kikiacha vumbi au vijinyuzi vinavyometa, ujue hivyo ndivyo vitakavyokuangukia machoni ukiwa umeinua uso.

3. Kiinue juu ya kichwa kwa mikono miwili, uhesabu hadi 60. Kazi ya dari ni ya mikono juu. Mabega yakichoka kabla hujamaliza hesabu, kipande hicho ni kikubwa mno kwako.

4. Kikate. Kinachokatwa kwa mkasi au kisu cha nyumbani utakiweza. Kinachotaka msumeno kitakuletea vumbi.

5. Uliza kikiwaka huwaje. Chukua kipande cha ukubwa wa kidole, ukichome nje mbali na watoto, ukisimama unakotoka upepo. Kinachodondoka kikiwaka au kutoa moshi mweusi mzito kisilale juu ya kitanda chako.

USHAURI WETU KWA MAMA WA MKULA

Kwa kuwa una pumu, pumba na pamba ya njano tuviondoe kabisa katika mashauri. Wala usiamini kwamba kitambaa cha kufunga puani kitakuokoa. Zungumza na baba watoto kwa upole, umwonyeshe ile hesabu ya kilo 90. Mwanamume anayejua mizigo ataelewa mara moja.

Weka dari jepesi la mikeka, likiwa katika fremu ndogo ndogo. Shemeji atengeneze fremu chini, kwa fito zilizonyooka au mbao nyembamba, upana wa mita 1 na urefu wa mita 1 na nusu. Nyosheni mkeka juu ya kila fremu na kuushona kwa kamba. Kazi yote ya kukata na kushona ifanyike barazani, kivulini, mkiwa mmekaa. Kitakachobaki cha kufanywa juu ni kuinua fremu nyepesi na kuifunga. Watu wawili watamaliza chumba kimoja bila kuumia.

Kingo za dari zibane ukuta pande zote, pasibaki mwanya hata wa kidole. Lakini juu ya dari, hewa isizibwe. Acha lile pengo kati ya ukuta na bati, na toboeni matundu kwenye kuta za pembetatu za pande mbili za nyumba. Yote yafunikwe kwa wavu wa waya ili popo na panya wasiingie. Hapo joto la bati litachukuliwa na upepo kabla halijakufikia.

Mwakani, mpunga ukikubali, nunueni karatasi ya alumini ya chumba cha kulala tu. Mtaifunga chini ya kenchi, juu ya dari la mikeka, bila kubomoa chochote. Kama nyumba haina umeme kazi hiyo mnaiweza wenyewe. Kama ina umeme, mwiteni fundi umeme aangalie nyaya kwanza.

SIKU YA KAZI

Fanyeni kazi alfajiri na kuimaliza kabla ya saa nne. Nafasi iliyo chini ya bati wakati wa adhuhuri inaweza kuua, na hilo si neno la kutisha watoto. Huko Australia, serikali ilipoanzisha mpango uliofikia kuweka vizuia joto katika zaidi ya nyumba milioni moja, vijana wanne walikufa kazini kati ya mwaka 2009 na 2010. Watatu walipigwa na umeme, baadhi wakiwa wanafunga karatasi ya alumini kwa pini za chuma zilizotoboa waya. Wa nne alizidiwa na joto la darini. Walikuwa vijana wenye nguvu zao. Kwa hiyo umeme uzimwe kwenye swichi kuu, si kwenye swichi ya taa peke yake, na anayepanda asiwe peke yake nyumbani.

Kama kuna mavi ya popo au ya panya, yanyunyizieni maji kabla ya kuyagusa, kisha yakusanyeni yakiwa mabichi. Vumbi lake likiwa kavu lina magonjwa ya kifua. Kazi hii mwachie shemeji, naye ajifunge pua na mdomo na kuvaa glavu; wewe na mtoto kaeni kwa jirani mpaka amalize. Ngazi ishikwe na mtu, isiegemezwe kwenye kiti. Anayefanya kazi anywe maji mara kwa mara hata kama hana kiu.

NA MBU JE?

Hapa ndipo faida ya pili ya dari inapoonekana. Mbu wanaoeneza malaria hupenda kuingia kwa lile pengo kati ya ukuta na paa, na Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamezikagua nyumba za vijiji vya bonde letu wakiyatazama mapengo ya aina hiyo. Kule Gambia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, nyumba 500 zilichunguzwa. Nyingine ziliwekewa nyavu milangoni na madirishani na kuzibwa pengo la paa, nyingine ziliwekewa dari la wavu tu, na nyingine ziliachwa zilivyo. Nyumba za dari la wavu ziliingiwa na mbu pungufu kwa asilimia 47. Watoto wenye upungufu wa damu walikuwa 12 katika kila 100, ambapo katika nyumba zilizoachwa walikuwa 19.

Angalia, lilikuwa dari la wavu, kitu chepesi ambacho mama yeyote anaweza kukishona. Wavu hauzuii joto la bati, kwa hiyo hauchukui nafasi ya mkeka chumbani mwako. Lakini unafaa sana sebuleni au chumba cha wageni, ambako watu hawalali mchana.

Dari, hata hivyo, haliondoi chandarua. Dari hulifanya joto lipungue ili chandarua kivumilike, na hilo ndilo jambo kubwa katika barua yako, kubwa kuliko vipele. Mtoto wa miezi mitano bado hana kinga ya kutosha ya malaria. Kila usiku ambao chandarua kinakunjwa ni usiku wa hatari kwake. Mpaka dari litakapokamilika, kihamishie kitanda karibu na dirisha lenye wavu, mvalishe mtoto nguo moja nyepesi ya pamba, mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu jioni, na chandarua kishushwe. Kama baba hawezi kukivumilia, basi mama na mtoto wawe na chao.

Vipele vikitoa usaha, au mtoto akipata homa, usisubiri dari wala dawa ya jirani. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo.

Akina mama, mafundi watatuambia kipi ni kizuri na wauzaji watatuambia kipi ni rahisi. Swali la tatu ni letu sisi tutakaolala chini yake, tutakaolifagia na kulitengeneza likichakaa: je, mikono yetu itakiweza? Msilione swali hilo kuwa dogo.

Msomaji wetu wa Mkula, tuandikie baada ya msimu wa joto utueleze mtoto analalaje. Nanyi wengine mlioweka dari kwa njia nyingine, leteni maarifa yenu, tujifunze pamoja.

Hadi mwezi ujao, kaeni salama.